Kaka anataka kuacha dawa za figo, eti mwili ushazoea

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nipo Ujiji hapa Kigoma. Kaka yangu aliwekewa figo mwaka juzi, dada yetu ndo alimtolea, baba mmoja mama mmoja. Saivi yuko fiti, anashinda Kibirizi na biashara yake ya dagaa, sasa anasema dawa za asubuhi na jioni kachoka nazo, mwili ushaizoea figo na isitoshe ni ya damu yake. Kuna mtu pia kamwambia zile dawa zinashusha kinga kama ukimwi. Akiacha kidogo kidogo itakuwaje? (Mdogo mtu, Ujiji)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Asiache, hata hiyo kidogo kidogo asijaribu, dozi inapunguzwa na daktari wake peke yake. Figo inaweza kuanza kukataliwa na kinga ya mwili bila maumivu yoyote, mtu anajiona mzima anabeba magunia huku kriatinini, yaani uchafu ambao figo nzima huuchuja, inapanda kwenye damu, akija kuona miguu imevimba mara nyingi figo ishaumia sana.

Hilo la damu moja linadanganya wengi. Seli zetu zina alama ambazo kinga inazikagua, na watoto wa baba mmoja mama mmoja nafasi ya kulingana zile alama kubwa zote ni 1 kati ya 4 tu, na hata wakilingana zinabaki ndogo ndogo zinazotofautiana. Ni mapacha wa kufanana ndo mwili haubagui, kama kule Boston, Marekani, Desemba 1954, Dk. Joseph Murray alipompandikizia Richard Herrick figo ya pacha wake Ronald, Richard akaishi nayo miaka 8. Kaka yako na dada si mapacha.

Na kuzoea, hapana. Kinga ina kumbukumbu, ndo maana ukishaugua surua utotoni hairudi tena, basi kumbukumbu hiyohiyo ndo inaigeukia figo ya dada, hizo seli za kinga ni kama askari, hawajui kama ni zawadi, wanajua ni mgeni.

Kuhusu ukimwi, sio kitu kimoja. Kirusi kinaua seli za kinga, dawa za kaka zinazituliza tu na kipimo chake kinafuatiliwa. Ila huyo mtu hajakosea yote, maana askari wanaotulizwa ndo walewale wanaopambana na TB, na ndo wanaowinda seli zinazoanza kugeuka saratani, kwahiyo waliopandikizwa wanapata saratani za ngozi na za mitoki (tezi za limfu) kuliko watu wengine. Homa ikimshika asikae nayo siku mbili akimeza panado, aende siku hiyohiyo. Chandarua kila usiku, maji yachemshwe. Kama huwa anavuka kwenda Kongo, chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai, asichomwe kabla daktari wake hajasema. Mitishamba aache kabisa, na balungi pia, linapandisha dawa kwenye damu, watu hawaamini nikiwaambia ila ni kweli.

Mdogo wangu, muulize kwa upole amechoshwa na nini hasa. Kama ni hela, au mikono inatetemeka, akaseme kliniki, kuna namna ya kubadilisha dawa, wengi wanaona aibu wanaacha kimyakimya na hapo ndo figo inapotea. Nenda naye. Na dada mchukueni pia, aliyetoa figo anatakiwa kupima presha na mkojo kila mwaka, maana mara nyingi akishatoa watu wanamsahau.