Mwanafunzi akirudi toka kliniki ya akili, hapo ndo kazi inaanza

Walimu wenzangu wa shule za kata huku Bahi, Chamwino, Kongwa na kwingineko, mi nipo kwenye kitengo cha malezi na unasihi miaka kadhaa sasa na kuna kitu nakiona kinajirudia mpaka roho inauma. Mtoto anapelekwa hospitali, anapewa dawa, anaanza kupata nafuu, alafu anakuja kuharibikiwa kwetu shuleni.

Tuanze na kumfikisha. Hospitali ya akili ya Mirembe ipo hapa Dodoma toka 1927 lakini mtajie mzazi hilo jina uone, anajua umeshamwita mwanae kichaa. Kwa hiyo usianze na jina, anza na ulichokiona: mama, huyu halali, chakula hagusi, daftari lake halina hata mstari toka mwezi uliopita, anajibu mtu ambaye sisi hatumuoni. Viandike na tarehe, hiyo karatasi daktari ataitumia kuliko maneno mia. Pitieni zahanati au kituo cha afya mpate rufaa, na akiwa ameanza ghafla kuweweseka huku ana homa basi ni siku hiyohiyo, sio kesho, maana malaria ikipanda kichwani nayo inafanya mtu aongee visivyoeleweka. Na mwambieni mzazi ukweli kwamba wengi wanaonwa kliniki na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, sio kila anayeenda anafungiwa wodini.

Sasa dawa. Dawa nyingi za akili zinaleta usingizi, na nimeshuhudia binti wa form three anasinzia kipindi cha kwanza, mwalimu wa zamu hana habari, anamnyanyua kwa fimbo mbele ya darasa, wiki iliyofuata binti akaacha dawa mwenyewe ili asichapwe. Hili linazuilika kabisa. Mkuu wa shule, mwalimu wa darasa na walimu wa zamu wajue kwamba huyu yuko kwenye matibabu, jina la ugonjwa sio lazima, na mzazi amuulize daktari kama dozi inaweza kuhamia usiku.

Kingine ni haloperidol, moja ya hizo dawa za akili. Kuna watoto wakiinywa shingo inapinda, macho yanapanda juu, ulimi unakakamaa, basi darasa zima mbio, mapepo yamerudi! anaitwa mchungaji au shekhe, na nyumbani wanazitupa dawa zote. Jamani hayo ni madhara ya dawa, yanajulikana na yanatibika, mkimbizeni kituo cha afya na kadi yake ya kliniki mkononi, wakimpa dawa ya kulegeza misuli anakaa sawa. Kuomba ombeni, ila mkiwa njiani.

Wa kifafa nao kwetu mara nyingi wanatibiwa kliniki hizihizi za akili, na dawa za kifafa zikikatishwa ghafla degedege linaweza kurudi kali kuliko mwanzo. Wa sonona wanaopewa fluoxetine nao wanahitaji wiki kadhaa ndo nafuu ionekane, sa mzazi akiona siku tano kimya anasema hospitali wameshindwa, twende kwa mganga. Mwambieni mapema.

Kama mtoto amepanga geto karibu na shule muulize nani anamkumbusha dawa. Akiwa bweni dawa zikae kwa matroni. Siku ya kliniki aandikiwe ruhusa, asije akaitwa mtoro paredi nzima ikisikia.

Na akikwambia maisha yamemchosha, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, mwite mzazi, mpelekeni hospitali. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto ni bure, ibandikeni kwenye ubao wa matangazo.

Likizo ndo inatupotezea wengi, hasa ya Desemba. Mvua zimeanza, familia imehamia shamba la mbali kupanda uwele na mtama, dawa zimeisha na hakuna wa kufunga safari mjini. Kwa hiyo kabla hamjafunga shule hesabuni vidonge pamoja na mzazi, tarehe ya kliniki iandikwe kwenye ripoti yake ya muhula karibu kabisa na tarehe ya kufungua, na zikionekana hazitoshi mtoto apite kliniki kwanza ndo aende shamba.