Pikapu ya dizeli inayonuka amonia: majibu kwa maswali yenu

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu AdBlue, kimiminika cha urea cha kusafisha moshi wa dizeli, na sababu iko wazi. Prado za dizeli za lita 2.8 zilizouzwa Japani kuanzia 2015, na Hilux zilizorudi sokoni huko 2017, zina tangi la pili la kimiminika hicho, lenye kifuniko cha buluu. Magari hayo sasa yanashuka bandarini kwetu yakiwa yametumika, na wengi wanaonunua hawakuwahi kuwa na gari la namna hiyo.

Nikipanda mlima na mzigo, kwenye ekzosi hutoka harufu kali ya mkojo. Taa ya dashibodi haijawaka. Fundi ananishauri niichanganye AdBlue na maji ili ipungue ukali. Nifanye hivyo? (Msomaji, Moshi)

Usitie maji. AdBlue ni urea asilimia 32.5, na iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Gari linapiga hesabu ya dozi kwa kiwango hicho. Ukiizimua, sensa ya ubora iliyo ndani ya tangi itagundua, msimbo wa hitilafu P207F utajiandika, na magari mengi yataanza kukuhesabia kilomita zilizobaki kabla ya injini kukataa kuwaka.

Harufu unayoisikia ni amonia iliyopita bila kutumika. AdBlue hunyunyizwa kwenye moshi wa moto, joto likaivunja urea ikawa amonia, nayo amonia ikakutana na oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moshi, ndani ya katalisti, kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi. Kinachotoka hapo ni nitrojeni na mvuke wa maji. Katalisti huhifadhi akiba ya amonia ikiwa na joto la chini. Umetembea polepole mjini, kisha ukakanyaga mafuta kupanda mlima: joto linaruka ghafla na akiba yote inaachiliwa kwa mpigo. Harufu ya sekunde chache ya namna hiyo haina ubaya wowote, na wakati gari linachoma masizi ya kichujio chake unaweza kuipata tena.

Harufu isiyokatika ni jambo jingine. Hapo anza na injekta ya AdBlue, ile iliyofungwa kwenye bomba kabla ya katalisti. Ukiona ukoko mweupe kuizunguka, ama gasketi inavuja ama injekta inadondosha hata ikiwa imefungwa. Mwambie fundi aifungue, aielekeze kwenye kikombe chenye vipimo, kisha aiamuru inyunyize kwa skana, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Kiasi kilinganishwe na kitabu cha gari. Amri ikikoma, tone lisitoke hata moja. Wakati wa kurudisha, gasketi iwe mpya. Ya zamani haikai sawa mara ya pili.

Injekta ikiwa nzima, mshuku sensa wa oksidi za nitrojeni aliye nyuma ya katalisti. Sensa hizi zina udhaifu unaowapoteza mafundi wengi: haziwezi kutofautisha amonia na oksidi za nitrojeni. Amonia ikivuja, sensa huripoti kwamba moshi ni mchafu. Kompyuta inaongeza dozi. Amonia inazidi kuvuja. Jaribio lake ni rahisi. Injini ikiwa imepata moto vizuri, teremka mlima mrefu ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, msaidizi akiangalia skana. Wakati huo hakuna kinachochomwa, kwa hiyo kipimo kinapaswa kushuka karibu na sifuri. Kikibaki juu, ama kuna amonia inayotoka ama sensa amekufa. Huu ndio wakati wa kujua, si baada ya kununua katalisti mpya kwa sababu tu skana imeandika P20EE. Msimbo huo unasema kazi ya kusafisha moshi imepungua. Haisemi nani mkosaji.

Na katalisti yenyewe huchoka. Dizeli ya Japani ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50. Salfa hujikusanya kwenye katalisti na kupunguza uwezo wake. Safari ndefu yenye mzigo huiondoa kiasi. Gari la kwenda dukani na kurudi halipati joto hilo.

Nikifungua kifuniko cha tangi la AdBlue mchana, harufu inanipiga machoni. Imeharibika? (Msomaji, Mombasa)

Si lazima. Kwenye joto urea huvunjika polepole na mvuke wa amonia hukaa juu ya tangi. Fungua asubuhi gari likiwa limepoa, ugeuze uso pembeni. Cha kuangalia ni umri. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 25 inadumu miezi 18, kwenye 30 ni miezi 12, kwenye 35 ni 6 tu. Dumu lililokaa chini ya bati la Mombasa mwaka mzima usilitie, hata kama muhuri haujavunjwa. Nunua utakachomaliza, na soma tarehe kabla ya kulipa.

Urea ya mbolea ni bei ndogo. Nikiyeyusha kilo zinazotakiwa kwenye maji ya betri na refraktomita ikasoma 32.5, kuna tofauti gani? (Msomaji, Morogoro)

Refraktomita inapima wingi wa kilichoyeyuka, haipimi usafi. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kiwango cha kimataifa, ISO 22241, kinataka biureti, uchafu unaozaliwa urea inapotengenezwa, isizidi asilimia 0.3, na kalsiamu isizidi miligramu 0.5 kwa kilo. Mbolea haikutengenezwa kwa masharti hayo: biureti yake kwa kawaida inakaribia asilimia 1, na punje nyingi hupakwa dawa ya kuzuia kugandana. Mmea haujali. Injekta yenye matundu membamba kama unywele inajali sana, na madini yakishafika kwenye katalisti hayatoki. Utaokoa pesa ya madumu machache, kisha ununue injekta, pampu na pengine katalisti.

Usafi huo huo unahusu vyombo. Tumia plastiki safi au chuma cha pua. Shaba, aluminiamu na bati la zinki huliwa na AdBlue, na kinacholiwa kinaingia ndani ya tangi. Faneli iliyopitisha dizeli usiitumie hata ukiisugua kwa sabuni.

Kijana wa kituo ametia AdBlue kwenye tangi la dizeli, kama lita mbili. Nimeambiwa niongeze dizeli ipungue nguvu. (Msomaji, Nakuru)

Usiwashe hata swichi, kwa sababu pampu ya tangini huanza kabla ya injini. AdBlue ni nzito kuliko dizeli na haichanganyiki nayo. Inazama chini, mahali pampu inapovutia. Kuongeza dizeli hakusaidii kitu. Livute gari, tangi lifunguliwe, lioshwe, likaushwe, na kichujio kibadilishwe. Kama injini iliwaka, pampu ya presha kubwa na injekta zikaguliwe pia, maana maji na urea huziozesha haraka.

Kinyume chake, dizeli kwenye tangi la AdBlue, ni kiasi kidogo sana kinachotosha kuleta balaa: mipira ya pampu huvimba. Hapo pia usiwashe swichi.

Harufu inaingia ndani ya kabini, na AdBlue inaisha haraka. Kiasi gani ni kawaida? (Msomaji, Arusha)

Pikapu nyingi hutumia lita 1 hadi 2 kwa kilomita 1,000, na ikivuta trela inaweza kuwa maradufu au zaidi. Ukivuka hapo bila mzigo, tafuta michirizi myeupe chini ya tangi, kwenye viungo vya paipu na shingo ya kujazia. Usijaze hadi juu kabisa. Pampu ya kujazia malori inasukuma haraka na kinachomwagika hukauka kikabaki kinanuka. Kioshe kwa maji mengi ya vuguvugu.

Lakini amonia ya kabini isiachwe hadi wikendi. Kama inatoka kwenye flenji (kiungo cha bomba la ekzosi) inayovuja, gesi nyingine za ekzosi zinaingia nayo, zikiwemo zisizo na harufu. Endesha vioo vikiwa wazi hadi kwa fundi. Akikosa uvujaji wowote, afungue kisanduku cha kichujio cha hewa ya kabini. Panya hupenda kulala humo, na mkojo wao una amonia ile ile.