Shangazi, nilisema neno la mama, Wafilipino wenzangu wakanicheka

Barua hii imetoka Winnipeg, Kanada. Binti ana miaka 24, babake mtu wa Mombasa, mamake Mfilipino wa mji wa Paoay, walikutana Dubai kazini, na mama amefariki mwaka juzi. Nyumbani kwao Kiswahili ndo kilishinda. Anasema alialikwa kwenye sherehe ya Wafilipino, chakula kilipotengwa akasema "mangantayon" kama alivyokuwa akiita mamake watu mezani, wenzake wakacheka, wakamwambia hilo si neno la kwetu. Tangu siku hiyo anajiona feki. Sasa anataka kuchora tatuu ya maandishi ya kale, baybayin, mkononi, ila anaogopa hana haki, na anauliza mbona jina la ukoo wa mama ni la Kihispania, yeye basi ni nani.

Mwanangu, pole sana kwa msiba, na pole kwa ule mcheko manake najua ulikuuma pale pale ulipomkumbuka mama. Sasa nisikilize. Hukukosea! Neno lile ni Kiilokano, maana yake njooni tule, na Paoay iko Ilocos Norte, kaskazini kabisa ya kisiwa cha Luzon, huko watu wanaongea Kiilokano nyumbani, hao waliokucheka bila shaka wanaongea Kitagalog ambacho ni lugha nyingine kabisa, wao wangesema "kain na tayo". Ufilipino ina lugha zaidi ya 100. Kwa hiyo wewe umekuwa ukitafuta Ufilipino mzima kumbe mama alikuachia kipande chake, na hicho kipande unacho mdomoni tayari.

Jina lisikusumbue. Mwaka 1849 gavana wa Kihispania aliyeitwa Clavería aliamuru watu wachukue majina ya ukoo kutoka kwenye orodha moja, familia nyingi zikabeba majina ya Kihispania bila tone la damu ya Hispania. Ni jina la karatasi za serikali, lakini babu zako wamelibeba wakazikwa nalo, kwa hiyo ni lenu.

Tatuu, mimi ningesema subiri kidogo. Si kwamba huna haki, unayo. Ila nimeona kwenye barua yako umeandika mistari kumi kuhusu tatuu na mstari mmoja tu kuhusu ile sahani, na mimi ile sahani ndo imenikalia kichwani tangu juzi. Umesema mama akipika siku fulani alikuwa anatenga wali kidogo na kipande cha nyama kwenye kisahani, anaweka pembeni karibu na dirisha, nyie watoto mnakatazwa kugusa, na baba alikuwa hapendi lakini ananyamaza. Hiyo inaitwa atang. Wailokano wanawatengea chakula waliotangulia, hasa kipindi cha tarehe 1 Novemba watu wanapoenda makaburini na familia nzima, lakini hata siku nyingine wakimkumbuka mtu. Mamako alikuwa Winnipeg kwenye baridi ile, mbali na makaburi yote ya kwao, na bado alikuwa anawatengea. Sijui nikwambie nini zaidi, mimi nimelia.

Kama utaiendeleza au la, hilo ni kati yako na imani yako na baba, siwezi kukuamulia. Lakini ujue ilikuwa nini.

Na baba umuulize. Umeandika hataki kumzungumzia mama, ila yeye ndo aliishi naye miaka yote hiyo, mtu aliyefiwa na mke anaweza akanyamaza kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwa upole. Muulize kitu kidogo tu, mama alipenda kupika nini wakiwa Dubai. Mwambie pia kanisa la Paoay kuta zake zina mawe ya matumbawe, kama nyumba za Mji wa Kale alikokulia yeye, lilimalizika 1710 na limesimama mpaka leo. Nahisi atasema kitu.

Jambo la makaratasi nalisema haraka. Kama mama alikuwa bado raia wa Ufilipino siku ulipozaliwa, basi na wewe ni raia tangu kuzaliwa, unachohitaji ni kuripoti kuzaliwa kwako ubalozini. Tafuta cheti chake cha kuzaliwa na cha ndoa kabla havijapotea kwenye makabati.

Halafu kuna dadake mama, yule anayekutumia salamu kila Krismasi na wewe unajibu kwa emoji kwa sababu unaona aibu lugha. Mwite ikit, ndo shangazi au mama mdogo kwa Kiilokano. Mpigie kwa video Jumapili saa mbili usiku, kwao itakuwa Jumatatu asubuhi. Kiingereza chako kibovu na chake kibovu vitatosha. Usianze na maswali ya ukoo na historia. Mwambie "mangantayon" uone anavyocheka, kicheko tofauti na kile, halafu muulize mama alikuwa anamtengea nani ile sahani.