Alipogawa Mobutu, nani alinyoosha mkono?

Swali lenu la wiki: kwa nini watawala hugeuza nchi kuwa mali yao binafsi, na wanahistoria wanalielezaje jambo hilo? Mimi ni mtoto wa Likasi, Katanga. Nitajibu lile linaloniuma zaidi: mtawala akigawa, nani hupokea?

Maelezo niliyoyashika siku zote ni yale yanayoanza na Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mfalme yule aliimiliki Kongo tangu 1885 hadi 1908 bila kuikanyaga, akajitengea eneo la Taji ambalo faida ya mpira wake ilikwenda kwake mwenyewe. Kwa hiyo Mobutu, aliyekuja kuwa rais wetu, alirithi utaratibu, hakuubuni. Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, naye alishaandika juu ya tawala ambazo hazina ni ya nyumbani kwa mkubwa na maofisa ni watumishi wake. Hapo sina ugomvi.

Ila kuna ile Novemba 1973. Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazaire, jina letu Wakongo enzi hizo. Mtaani kwetu alikuwepo Mgiriki mwenye duka: vitenge, samaki wa chumvi, misumari, mafuta ya taa. Mkali, hakopeshi mtu. Duka likapewa mkubwa mmoja wa chama. Akaja na abakosti mpya, ile suti isiyo na tai ya enzi za Mobutu, akakalia kiti cha Mgiriki, akaamuru afunguliwe sefu. Mgiriki akaifungua taratibu. Mlikuwa na stempu na vipande vya kamba. Tulicheka mpaka barabarani! Kisha wakaanza kuja wajomba, mashemeji, wenzake wa chama, kila mmoja na gunia lake. Sisi majirani tuliuziwa kwa nusu bei. Mama alirudi na vitenge viwili, akamsifu Mobutu jioni nzima, na baba, mtu wa mgodini asiyependa siasa, naye akaitikia. Haukupita muda rafu zikabaki na viberiti na rangi ya viatu. Mzigo mpya haukuagizwa. Bwana yule hata hakujua Mgiriki alikuwa akiagizia wapi. Mwaka 1976 serikali ikawaita wageni warudi kwenye mali zao. Wetu hakurudi. Chumvi tukaifuata mbali.

Jean-François Bayart, msomi wa Kifaransa wa siasa za Afrika, ameiita hali hii siasa ya tumbo: mali ya dola haiishii kwa mkubwa mmoja, inashuka kwa ndugu, kwa wanaomtegemea, kwa mtaa. Nilipomsoma mara ya kwanza nilikasirika, nikaona anatutukana. Leo nikivikumbuka vile vitenge, naona Leopold peke yake hatoshi. Hakuwepo Likasi siku ile, na makofi yalikuwa yetu.

Lakini tusikimbilie kusema sote tulikula. Fedha za shaba ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, hazikupita mtaani kwetu. Na jirani ambaye angekataa kununua, angeliokoa duka? Nikilazimishwa kuchagua, basi, kura yangu nampa Bayart, kwa sharti moja: mama mwenye vitenge viwili asipangwe foleni moja na Mobutu aliyejijengea kwao Gbadolite uwanja wa ndege ambao hata Concorde ilitua.