Majeruhi si mjeruhi, na "sehemu mbalimbali" si mahali

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Kirumba, Mwanza. Wiki iliyopita mdogo wangu aligongwa na pikipiki akitoka mwaloni, akapata majeraha sehemu mbalimbali za mwili. Akiwa wodini walikuja watafiti wanaochunguza matibabu ya watu walioumia ajalini, wakaomba awe mshiriki. Yeye hawezi kushika kalamu, kwa hiyo fomu ya ridhaa nikaletewa mimi. Imeandikwa: "Mimi, ndugu wa mjeruhi..." Nikasema neno ni majeruhi. Kijana mmoja wa utafiti akanijibu kwamba majeruhi ni wengi, mmoja ni mjeruhi. Sijaweka sahihi bado. Nani kati yetu yuko sawa?

JIBU: Marahaba, dada, na mpe mdogo wako pole zangu. Uliye sawa ni wewe.

Kijana yule ameona ma- mwanzoni mwa neno akadhani ni ile ya mawe, maembe na macho. Siyo. Neno hili limetoka Kiarabu likiwa zima, majruh, yaani aliyejeruhiwa, na ile ma- ilizaliwa nalo hukohuko. Haihesabu watu. Ndugu zake unawajua: marehemu, mahabusu, mamluki. Mtu akifa peke yake, tunamwita mrehemu? Hatumwiti. Basi majeruhi ni huyu mmoja aliyelala kitanda cha dirishani, na majeruhi ni hawa kumi na wawili walioshushwa kwenye daladala iliyopinduka. Majeruhi huyu, majeruhi hawa. Upatanisho ndio unaotuambia ni wangapi.

Ubaya wa "mjeruhi" hauishii kwenye idadi. Kiswahili kina desturi ya kuunda jina la mtenda kutokana na kitenzi: anayerithi ni mrithi, anayesafiri ni msafiri, anayehariri ni mhariri. Anayejeruhi, kwa desturi hiyohiyo, ni mjeruhi. Mjeruhi wa mdogo wako ni mwenye pikipiki! Fomu ile ilikutaka uweke sahihi kama ndugu wa aliyegonga, wakati wewe ni ndugu wa aliyegongwa. Angalau wangeandika "mjeruhiwa" ningevumilia, maana limejengwa kama mshitakiwa na halimgeuzi mtu kuwa mkosaji. Lakini kwa nini tujenge nyumba mpya wakati tunayo yenye paa?

Watangazaji wa mpira nao wana lao. Tumesikia mara ngapi, hata mechi za hapo CCM Kirumba, kwamba mshambuliaji "anasumbuliwa na majeruhi" au "amepata majeruhi ya goti"? Majeruhi ni mtu. Anayesumbuliwa na majeruhi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mchezaji anasumbuliwa na jeraha, au ameumia goti, au yeye mwenyewe ni majeruhi.

Swali lako nimelijibu, dada, lakini barua yako siwezi kuiacha. Umeandika kwamba mdogo wako alipata "majeraha sehemu mbalimbali za mwili". Najua hukuyatunga maneno hayo. Yanatoka redioni kila asubuhi, yanatoka kwenye taarifa za ajali, yameingia kwenye karatasi za zahanati, na sasa yamefika mpaka kwenye vinywa vya ndugu wanaolia. Nimeyachukia miaka ishirini na sioni sababu ya kuacha leo.

Sehemu mbalimbali zipi? Mwili wa binadamu una utosi, kisogo, paji la uso, taya, mtulinga, mbavu, kiwiko, nyonga, paja, goti, muundi, kisigino. Mswahili hajawahi kukosa jina la kiungo. Wala hajakosa jina la kuumia. Ngozi ikichunika ni mchubuko. Damu ikikaa chini ya ngozi ambayo haikupasuka, imevilia. Kichwa kikipasuliwa kwa jiwe, wazee walisema mtu ametiwa ngeu. Kiungo kimeteguka, mfupa umevunjika, ngozi iliyoungua imebabuka. Mwenye hazina hii yote, anayeweza kusema "ameteguka nyonga ya kushoto" kwa maneno manne tu, anachagua kusema "sehemu mbalimbali", maneno ambayo hata maiti hayawezi kuielezea.

Mpwa wangu aliwahi kuanguka na bodaboda ng'ambo, upande wa Sengerema. Alipoletwa mjini alikuja na karatasi ya rufaa kutoka kituo alichopokelewa kwanza, na karatasi ile ilisema: "Ana majeraha sehemu mbalimbali." Basi. Daktari aliyempokea akaanza upya, kuanzia unyweleni. Akakuta mtulinga umevunjika, na mbavu mbili za chini, upande wa kushoto, zimevunjika pia. Nyuma ya mbavu hizo imekaa bandama, na bandama ikipasuka mtu huvuja damu tumboni bila tone moja kuonekana nje. Mpwa wangu alipona. Lakini muda wote wa safari ile aliyempeleka hakujua amebeba mtu wa namna gani, kwa sababu aliyeshika kalamu kabla yake aliona uvivu kuandika neno "mbavu".

Kwenye utafiti uvivu huo unaharibu zaidi, na hapa namwomba kijana wa fomu asome nami taratibu. Upo mtindo wa kupima uzito wa majeraha uliochapishwa mwaka 1974 na Susan Baker wa Marekani pamoja na wenzake, na mpaka leo hospitali nyingi duniani huutumia. Mwili unagawanywa maeneo sita: kichwa na shingo, uso, kifua, tumbo, miguu na mikono pamoja na nyonga, halafu ngozi. Kila jeraha linapewa alama kwa uzito wake. Unachukua maeneo matatu yaliyoumia zaidi, alama ya kila moja unaizidisha kwa yenyewe, kisha unajumlisha. Mtu amevunjika paja, akapewa 3. Kifua kimeumia vibaya, 4. Ana mchubuko mkononi, 1. Paja ni 9, kifua ni 16, lakini mchubuko tunauacha, maana mkono upo eneo moja na paja? La hasha: mchubuko ni wa ngozi, na ngozi ina eneo lake, kwa hiyo tunaongeza 1. Jumla 26. Anayepita 15 huhesabiwa kuwa ameumia vibaya sana.

Sasa mwandishi wa karatasi aandike hivi: "Amevunjika paja na ana majeraha sehemu mbalimbali." Kifua kimepotea. Anayekuja baadaye kukusanya takwimu atapata paja 9 na ngozi 1, jumla 10. Mtu yuleyule, aliyelala kitanda kilekile na kupumua kwa shida ileile, ametolewa kwenye kundi la walioumia vibaya. Akifa, kitabu kitasema amekufa mtu aliyeumia kiasi, na wasomi watakaa kujiuliza hospitali ilikosea wapi.

Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, madaktari walitengeneza kipimo chepesi zaidi kwa hospitali zisizo na vifaa vingi, kikachapishwa mwaka 2000. Kinatazama umri, msukumo wa damu, pumzi, utambuzi wa akili, na idadi ya majeraha makubwa: hakuna, ni moja, au zaidi ya moja. Hata hicho chepesi kinataka uhesabu. "Mbalimbali" ni ngapi? Na watafiti wa hospitali ya Bugando walipoandika mwaka 2010 kwamba majeraha ya pikipiki yamekuwa tatizo jipya la afya ya jamii jijini Mwanza, hawakufika huko kwa "mbalimbali". Ilibidi kwanza mtu aandike ni mguu, ni kichwa, ni nini.

Lugha yenyewe imo ndani ya vipimo hivi kuliko tunavyodhani. Kipimo cha Glasgow, kilichotolewa na Teasdale na Jennett mwaka huohuo wa 1974, hupima fahamu ya aliyeumia kichwa kwa mambo matatu: macho alama 4, kauli alama 5, na mwitikio wa viungo alama 6. Kwenye kauli, anayejibu sawasawa hupata 5, na anayetoa sauti zisizo maneno hupata 2. Chukua bibi wa Kwimba ambaye maisha yake yote ameyaishi kwa Kisukuma. Amegongwa, ameletwa mjini, anaulizwa kwa Kiswahili cha haraka leo ni siku gani. Anajibu vizuri kabisa, kwa Kisukuma. Mpimaji ni mgeni, anasikia mngurumo tu, anaandika 2. Bibi aliyestahili 15 amepewa 12, na kwa kipimo hicho ametoka kwenye jeraha jepesi la kichwa akaingia kwenye la wastani. Anayeijua kazi humwita mjukuu asimame kando ya kitanda. Fomu inayomhoji mtu kwa lugha isiyo yake haijampima kichwa, imempima Kiswahili.

Kuna na suala la saa, ambalo limenifanya nibadili msimamo, na sibadili msimamo kwa urahisi. Utafiti mkubwa uitwao CRASH-2, uliotoa matokeo mwaka 2010 baada ya kufuatilia majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu isiendelee kuvuja, inapunguza vifo. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ukaonyesha kwamba faida ipo ikitolewa mapema, ndani ya muda wa saa tatu tangu mtu aumie, na ikitolewa baada ya hapo yaweza hata kudhuru.

Sasa andika kwa Kiswahili sanifu kwenye ukuta wa chumba cha dharura: "Dawa itolewe kabla ya saa tatu." Nani atakayejua kama unasema muda au unasema asubuhi jua likiwa limepanda? Mtu ameumia saa mbili na nusu, muuguzi mgeni ataona imebaki nusu saa. Miaka yote nimewasahihisha wanafunzi wanaoandika "masaa", nikiwaambia saa haina wingi wa ma-. Leo nakiri kwamba watu wa mtaani waliona kitu ambacho sisi walimu hatukukiona: "saa tatu" ni wakati, "masaa matatu" ni muda, na hakuna atakayechanganya. Kwenye gazeti nitaendelea kuikata masaa kwa kalamu nyekundu. Kwenye ukuta wa chumba cha dharura, iacheni.

Usiweke sahihi kwanza, dada. Mwombe kijana afute "mjeruhi" aandike "majeruhi", na fomu nyingine zote alizobeba azisahihishe vilevile, maana si wewe peke yako uliyeletewa. Ukisharidhika na maelezo mengine, uamuzi wa kushiriki ni wenu wewe na mdogo wako. Kisha niandikie tena, uniambie ameumia wapi.