Nenda Baharini Julai, ila Uulizie Mwezi Kwanza

Julai ya Moshi kila mkazi anaijua. Mlima unajifunika wingu wiki nzima, manyunyu hayakatiki, na jinzi uliyoifua Jumatatu unaivaa Alhamisi ikiwa na unyevu kiunoni. Mwaka niliofunga duka langu la vifaa vya ujenzi, baridi hiyo ilinikuta sina pa kwenda asubuhi. Nikawa nalala tu, napiga upya hesabu za madeni kana kwamba yangepungua kwa kuhesabiwa. Dada yangu ndiye aliyenifukuza. "Kaka, nenda Tanga kwa mjomba. Hapa unatuongezea baridi."

Nikapanda basi. Same jua, Mombo jua, Segera nikavua sweta. Kesho yake nilikuwa Pangani, peku kwenye mchanga.

Wenyeji walijitanda kanga wakilalamikia kipupwe. Mimi nilitaka kucheka. Upepo wa kusi unavuma kweli, tena unarundika mwani ufukweni mpaka unanuka, lakini maji yenyewe yana uvuguvugu. Yalikuwa yamekupwa, mbali kabisa. Nikayafuata, viatu mkononi, madeni kichwani. Nikamkuta mama mmoja na ndoo, anachokoa pweza kwa kijiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoka bara?"

"Moshi, mama."

"Ndiyo maana. Hebu tazama nyuma yako."

Nyuma yangu, pale nilipopita pakavu, maji yalikuwa yameshajaa mkondo mzima. Nilimfuata yule mama kwa adabu zote, suruali imelowa mpaka mapajani.

Sisi wa mlimani maji tunayoyajua ni ya mfereji. Yanashuka tu, zamu yako ikipita, imepita, na ukilala mwenzio anamwagilia. Duka nililiona hivyo hivyo, zamu iliyokwisha. Sitakudanganya kwamba bahari ililipa hata deni moja, ila asubuhi ile, tangu niambiwe nitazame nyuma, sikuhesabu shilingi.

Kwa hiyo ukichoka, usingoje Desemba, watu wamejaa kila mahali. Nenda Julai. Ila ulizia mwezi kwanza. Ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: pwani ile maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kisha hupanda zaidi ya mita tatu. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, basi saa ya jana usiitegemee leo. Rudi mara yanapogeuka, usisubiri kuyaona miguuni. Viatu vya kufunga, siyo kandambili, maana matumbawe yanakata. Simu mwachie mwenyeji wako. Yangu ilikunywa chumvi, fundi akaniangalia tu.

Na siku ya kurudi, sweta usilitupe kwenye buti la basi. Kabla hamjafika Himo utakuwa unalitafuta.