Ukitaka kupima ubongo wa watoto wanaoshirikiana, hangaikia kwanza kazi utakayowapa

Wanafunzi wengi wanaoingia kwenye utafiti huu hupoteza wiki nzima wakijifunza mashine. Mimi nawashauri wautumie muda huo kutengeneza mchezo.

Mashine ya fNIRS watoto huizoea upesi. Ni kofia yenye taa ndogo na vipokezi: mwanga wa infraredi hupenya fuvu kwa sentimita 2 hadi 3, na ule unaorudi huonyesha damu yenye oksijeni imeongezeka wapi, yaani wapi ubongo unafanya kazi zaidi. Mtoto anakaa mezani, anaongea, anacheza, mambo ambayo ndani ya MRI, mashine ya sumaku ambamo lazima ulale bila kusogea, hayawezekani. Kinachosumbua ni nywele. Zikiwa nyeusi na nene hunyonya mwanga, kwa hiyo zungumza na mzazi mapema kuhusu msuko, na uwe na kijiti cha kuzitenga chini ya kila taa. Mpe mtoto mwanasesere amvishe kofia kwanza. Baada ya hapo huwa anaidai ya kwake.

Sasa mchezo. Ukiwapa watoto wa miaka minne vibao wajenge mnara, mara nyingi mmoja huvikumbatia vyote na mwenzake akabaki kutazama. Hapo hupimi ushirikiano. Mimi huwagawia rangi: huyu vyekundu, yule vya bluu, hakuna kugusa vya mwenzako, na mnara lazima uchanganye rangi. Ghafla wanaanza kuambiana, "Ngoja, sasa wewe!"

Halafu lazima kuwe na kipindi cha kulinganisha, kila mmoja akijenga wake. Tunachotafuta ni usambamba, yaani shughuli za bongo mbili kupanda na kushuka pamoja, lakini bongo zinaweza kwenda sambamba kwa sababu tu watoto wanasikia kelele moja au wanatikisa vichwa pamoja. Watafiti Trinh Nguyen, Stefanie Hoehl na wenzao waliwapa mama na watoto wa miaka 5 tangramu, vipande bapa vya kupangwa kuunda picha, wakavipanga pamoja, na pia kila mtu peke yake. Katika matokeo yao ya 2020, usambamba ulikuwa mkubwa walipopanga pamoja. Linganisha pia mtoto na mwenza wa jozi nyingine, ambaye hawakucheza pamoja. Usambamba ukibaki uleule, ushirikiano haukuuleta.

Damu huchelewa sekunde 5 hivi kuitikia, basi vipindi visiwe vifupi mno. Rekodi video kila mara. Na mtoto akisema amechoka na kofia, ivue hapo hapo, hata kama kimebaki kipindi kimoja.